Mzunguko usio na ratiba hauna 'siku salama'

"Leo uko salama?" Swali hilo huja kwa ujumbe wa simu, mara nyingi usiku, na mwulizaji anataka jibu la neno moja. Msichana wa Bombolulu anafungua programu ya hedhi kwenye simu, anaona rangi ya kijani, anajibu: "Niko." Mwenzake wa Mtongwe, aliyeolewa mwaka jana na anatafuta mtoto, anafungua programu hiyohiyo, anaona alama ya ua kwenye siku ya 14, anamwambia mumewe leo asichelewe kurudi. Wote wawili wanaiamini simu. Na ikiwa hedhi ya mwezi huu imekuja baada ya siku 25 na ya mwezi uliopita ilikuja baada ya siku 40, wote wawili wanacheza kamari.

Niseme mapema ninachotaka kusema. Kama siku zako hubadilikabadilika, kalenda haiwezi kukwambia yai lako litatoka lini. Si kalenda ya ukutani, si ya simu, wala si hesabu ya shoga yako anayejiita daktari wa mtaa. Kinachoweza kukwambia ni mwili wako wenyewe, siku hiyohiyo, na pengine hata huo mwili utahitaji daktari wa kuutafsiri. Ukilielewa hilo, utaokoa mengi: mimba usiyoipanga, ndoa inayoyumba kwa lawama, na pesa za vipimo vilivyofanywa siku isiyofaa.

Kwanza, hii namba 14 ilitoka wapi? Wengi tuliikuta kwenye somo la baiolojia, kwenye ule mchoro wa mzunguko wa siku 28: hedhi upande mmoja, yai katikati, hedhi tena. Mchoro ni sahihi, ila ni wa mtu mmoja wa kubuni ambaye miezi yake yote inafanana. Sisi tukatoka darasani na jibu moja, kwamba yai hutoka siku ya 14. Hata utafiti wa afya ya jamii unaofanywa nchini kila baada ya miaka kadhaa, ule wa KDHS, huwauliza wanawake siku gani mtu anaweza kushika mimba kwa urahisi, na jibu linalohesabiwa kuwa sahihi ni katikati ya hedhi moja na nyingine. Sasa wewe ambaye hujui hedhi ijayo ni lini, katikati utaijuaje?

Madaktari waliogundua jambo hili hawakusema hivyo tunavyosema. Katika miaka ya 1920, Kyusaku Ogino wa Japani na Hermann Knaus wa Austria, kila mmoja kivyake, waliona kwamba yai hutoka takriban wiki mbili kabla ya hedhi inayofuata. Soma tena: kabla ya inayofuata, si baada ya iliyopita. Kwa mwenye siku 28, njia zote mbili zinafika palepale, siku ya 14, ndiyo maana hakuna aliyeona tofauti. Lakini kwa mwenye siku 24, yai hutoka karibu na siku ya 10. Kwa mwenye siku 40, hutoka karibu na siku ya 26.

Sababu yake ni kwamba mzunguko una vipande viwili. Kipande cha kwanza ni cha kulikuza yai hadi lipevuke. Hicho ndicho kinachonyumbuka: mwezi huu siku 10, mwezi ujao 25, kutegemea homoni, afya, uzito, usingizi na mawazo. Kipande cha pili huanza yai likishatoka, nacho hakibadiliki sana. Huchukua wiki mbili hivi, kisha hedhi huja. Kwa hiyo siku zako zikichelewa, mara nyingi si hedhi iliyochelewa. Ni yai lililochelewa kutoka, na hedhi imefuata nyuma yake.

Ongeza jambo moja hapo. Yai likitoka huishi saa 12 hadi 24 tu. Mbegu za mwanamume, kwa upande wake, zinaweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5. Ndiyo maana siku za kushika mimba ni kama sita: tano kabla ya yai kutoka, na ile siku yenyewe. Mtu anaweza kukutana na mpenzi wake Jumatatu, yai litoke Ijumaa, na mimba ishike.

Mwaka 2000, Allen Wilcox na wenzake walichapisha katika jarida la kitabibu la BMJ utafiti uliofuata wanawake 213 nchini Marekani, kwa mizunguko karibu 700. Waliona kwamba ni asilimia 30 hivi tu ya wanawake ambao siku zao zote za kushika mimba ziliangukia kati ya siku ya 10 na ya 17, zile ambazo vitabu huzitaja. Na wengi wao walikuwa na mizunguko ya kawaida! Kama hao kalenda inawakosea, wewe ambaye mwezi wako hujificha na kuibuka utaitegemea vipi?

Sasa tufanye hesabu yenyewe, maana wapo watakaosema nazungumza tu. Ipo kanuni ya zamani ya kalenda, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kupanga uzazi unaieleza. Unaandika urefu wa mizunguko yako kwa angalau miezi 6. Unachukua mfupi kuliko yote, unatoa 18. Hiyo ndiyo siku ya kwanza ya hatari. Unachukua mrefu kuliko yote, unatoa 11. Hiyo ndiyo siku ya mwisho ya hatari. Mwenye mizunguko ya siku 27 hadi 30 anapata siku ya 9 hadi ya 19. Siku 11 za kujihadhari, inawezekana.

Chukua sasa mwenye mizunguko ya siku 24 hadi 40. Ishirini na nne toa 18 ni 6. Arobaini toa 11 ni 29. Siku zake za hatari ni kuanzia ya 6 hadi ya 29, jumla siku 24. Mwezi ukiwa mfupi, siku salama zilizobaki ni tano za mwanzo, na hizo tano yumo kwenye hedhi! Kalenda yenyewe, ukiiuliza kwa haki, inakwambia kwamba haina siku salama ya kukupa. Ila simu haikwambii hivyo. Simu inachukua wastani wa miezi yako, inachora ua, na inanyamaza.

Si kwamba programu zote ni sawa. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu kwa mara ya kwanza programu ya simu iuzwe kama njia ya kuzuia mimba, ile ya Natural Cycles. Lakini hiyo haihesabu tarehe tu. Humtaka mwanamke apime joto la mwili asubuhi na kuliingiza. Simu haikubuni, ilisoma kitu kilichopimwa. Ile unayoingizia tarehe ya hedhi peke yake inakisia, hata kama rangi zake zinapendeza.

Kuna na zile shanga za kuhesabia siku, ambazo pengine umeziona kliniki. Shanga nyekundu ni siku ya kwanza ya hedhi, na shanga za hatari ni siku ya 8 hadi ya 19. Ni njia nzuri, lakini imetengenezwa kwa ajili ya wenye mzunguko wa siku 26 hadi 32. Mizunguko miwili ya mwaka ikitoka nje ya hapo, unashauriwa utafute njia nyingine. Mtu akikupa shanga bila kukuuliza mzunguko wako ni wa siku ngapi, muulize wewe.

Basi tuachane na kutabiri, tuje kwenye kuona. Waswahili husema dalili ya mvua ni mawingu, na yai nalo lina mawingu yake.

Wingu la kwanza ni ute. Baada ya hedhi, wengi huwa wakavu siku kadhaa. Kisha hutokea ute mzito, mweupe au wa kunata. Yai likikaribia kutoka, ute unageuka: unakuwa mwingi, wa maji, unateleza, na ukiuweka kati ya vidole viwili unavutika kama ute wa yai bichi la kuku. Hizo ndizo siku zenyewe. Ukikauka ghafla au kuwa mzito tena, yai limeshatoka au liko karibu sana na kutoka. Madaktari John na Evelyn Billings wa Melbourne walijenga njia nzima juu ya jambo hili kuanzia miaka ya 1950, na uzuri wake ni kwamba haijali mzunguko wako ni siku ngapi. Yai likija siku ya 11, utauona ute siku ya 11. Likija siku ya 30, utauona siku ya 30.

Wingu la pili ni joto. Yai likishatoka, joto la mwili wakati wa mapumziko hupanda kidogo, kati ya nyuzi 0.2 na 0.5 za Selsiasi, na hubaki juu hadi hedhi. Unapima kabla ya kutoka kitandani, saa ileile, baada ya kulala angalau saa tatu mfululizo, kwa kipimajoto kinachoonyesha desimali mbili. Hapa niseme kweli: hii ni ngumu kwa wengi wetu. Anayefanya shifti ya usiku kiwandani Changamwe wiki hii na ya mchana wiki ijayo atapata namba zisizosomeka. Mama anayeamshwa na mtoto mara nne usiku, hivyo hivyo. Na joto hukwambia yaliyopita, si yajayo. Lakini likipanda na kukaa juu siku tatu, umepata uhakika kwamba mwezi huu yai limetoka. Kwa mwenye mzunguko usiotulia, hilo peke yake ni habari kubwa.

La tatu ni vijiti vya kupima mkojo vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa. Vinanasa homoni ya LH, ambayo hupanda saa 24 hadi 36 hivi kabla ya yai kutoka. Kama mizunguko yako hubadilika, usianze kupima siku ya 11 kama karatasi ya pakiti inavyosema kwa wa siku 28. Chukua mzunguko wako mfupi zaidi, toa 17, anzia hapo. Wa 24 aanze siku ya 7. Ila ujue, mwenye mzunguko mrefu atamaliza vijiti vingi, na kwa wenye PCOS homoni hiyo inaweza kuwa juu wakati wowote, kijiti kikasema "leo" kila siku.

Mtu wa Likoni atanielewa haraka. Ratiba ya feri ni jambo moja, na kuiona feri ikiondoka ng'ambo ni jambo jingine. Kalenda ni ratiba. Ute ni feri unayoiona ikija. Joto linakwambia imeshafika. Ukiwa na ratiba isiyofuatwa, unaangalia maji.

Na usiniambie kufuatilia mwili ni mambo ya kizungu. Dada zetu Waislamu wa Pwani wana daftari hilo kichwani tangu walipovunja ungo. Wanajua siku waliyoacha swala, siku waliyokoga, na wanadaiwa funga ngapi za Ramadhani. Wanajua kutofautisha damu ya hedhi na damu nyingine isiyozuia ibada. Zamani, msichana alikuwa na somo wake, mwanamke wa kumfunda mambo ya mwili bila kupepesa macho. Tulichopoteza ni mtu wa kuuliza. Daftari lipo, ongeza safu moja tu ya kuandika ute wa leo ulivyo.

Kuna jambo moja linalotuharibia dalili hizi hapa kwetu, nalo ni kuosha ndani. Wengine hutumia sabuni, wengine limau, wengine dawa za kuulia vijidudu, wengine hujifukiza udi ili wawe wakavu. Ukiuosha ute, umefuta ujumbe kabla ya kuusoma. Hasara yenyewe haiishii hapo. Utafiti uliofanywa hapahapa Mombasa kwa miaka 10, ukachapishwa 2006, uliwafuata wanawake wanaofanya biashara ya ngono na kuona kwamba waliokuwa wakiosha ndani walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata virusi vya HIV, hasa waliotumia sabuni. Uke hujisafisha wenyewe. Osha nje kwa maji, basi.

Pia usichanganye ute na ugonjwa. Uchafu mweupe wa mabongemabonge kama maziwa ya mgando, unaowasha, aghalabu ni fangasi. Wenye harufu ya samaki au rangi ya kijani unataka daktari. Tibu kwanza, soma ute baadaye.

Lakini kwa nini mzunguko wenyewe haueleweki? Hapa ndipo wengi wanaposhauriana vibaya. Chama cha kimataifa cha madaktari wa wanawake, FIGO, huhesabu mzunguko wa siku 24 hadi 38 kuwa wa kawaida kwa mtu mzima, na kutofautiana siku chache mwezi kwa mwezi si ugonjwa. Msichana aliyevunja ungo miaka miwili iliyopita anaweza kufika hata siku 45, mwili bado unajifunza. Kupungua uzito ghafla, kuongezeka sana, mitihani, msiba, kazi ya usiku, vyote vinaweza kulisogeza yai. Tezi ya thairoidi iliyo shingoni ikifanya kazi kupita kiasi au chini ya kiwango, hali ni hiyo. Na ipo PCOS, ambapo homoni huvurugika na mayai mengi huanza kukua bila kufika mwisho. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba inawapata asilimia 8 hadi 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, na kwamba hadi asilimia 70 yao hawajajua kuwa wanayo.

Halafu kuna dawa tunazotumia. Baada ya sindano ya miezi mitatu, Depo, mwili unaweza kuchukua wastani wa miezi 10 tangu sindano ya mwisho kabla ya kushika mimba. Si utasa, ni kusubiri. Ukiwa na kijiti mkononi, damu inaweza kuja ovyo au isije kabisa. Usijaribu kuhesabu siku ukiwa nacho, hesabu hiyo haina maana. Na wewe unayenyonyesha, usiseme "sijaona siku zangu tangu nijifungue, niko sawa." Yai la kwanza hutangulia hedhi ya kwanza. Kunyonyesha kunakulinda tu ikiwa mtoto hajafika miezi sita, anakula maziwa yako peke yake mchana na usiku, na hedhi haijarudi.

P2 tuizungumze peke yake, maana imekuwa kama peremende. Kidonge hicho hufanya kazi hasa kwa kulichelewesha yai, na hufaa zaidi kikimezwa mapema, ndani ya siku tatu. Kama yai lilikuwa karibu kabisa kutoka, kinaweza kushindwa. Kumbuka pia neno "kuchelewesha": yai lililocheleweshwa linaweza kutoka wiki ijayo, na ukikutana tena na mwenzako bila kinga, kidonge cha juzi hakikulindi. P2 haileti utasa, huo ni uvumi. Lakini inasogeza hedhi, na anayeimeza mara tatu kwa mwezi kisha anafungua kalenda kutafuta siku salama anajizungusha mwenyewe. Hedhi ikichelewa zaidi ya wiki moja baada ya kuimeza, pima mimba.

Sasa nikugeukie wewe wa kwanza, usiyetaka mimba kwa sasa. Msimamo wangu ni huu: kama mzunguko wako haujatulia, usiweke maisha yako juu ya siku salama. Kuna njia ya ute ya siku mbili, ambapo unajiuliza kila siku, je, leo nimeona ute? Jana je? Jibu likiwa hapana kwa siku zote mbili, uwezekano wa mimba ni mdogo. Hata hiyo, jinsi watu wanavyoitumia kwa kawaida, wanawake 14 kati ya 100 hupata mimba ndani ya mwaka. Kwa kijiti cha mkononi, hawafiki hata mmoja kati ya 100. Na kumbuka, ute hauzuii HIV wala kisonono, kondomu inazuia. Ujuzi wa mwili wako ni wa kukusaidia kujijua, si wa kumrahisishia mtu asiyetaka kuvaa kondomu.

Na wewe kaka unayeuliza "uko salama?", acha swali hilo. Unamtupia mwenzako hesabu ambayo haiwezekani, kisha mimba ikiingia unasema alikudanganya. Utafiti wa KDHS wa 2022 ulionyesha asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini wamewahi kushika mimba. Huo ndio umri ambao mzunguko bado haujakaa sawa. Swali la maana ni "tunatumia nini?" Nalo linawahusu wawili.

Nije kwako wa pili, unayemtafuta mtoto. Najua maneno ya ukumbini, "mbona bado?", na najua nani huulizwa. Usisubiri siku ya ua kwenye simu. Kwa mzunguko usiotabirika, ushauri mwepesi ni kukutana kila baada ya siku mbili au tatu mwezi mzima, na ukiuona ute unaovutika, usiahirishe. Hivyo hamkosi dirisha, na kitanda hakigeuki ofisi yenye ratiba.

Ukienda kupimwa, jihadhari na kipimo cha "siku ya 21". Ni kipimo cha damu cha homoni ya projesteroni, kuthibitisha kama yai limetoka, na kinatakiwa kufanywa wiki moja hivi kabla ya hedhi ijayo. Siku ya 21 ni sawa kwa mwenye mzunguko wa 28. Kwa wa siku 40, ni siku ya 33. Ukipimwa siku ya 21 utaambiwa hujatoa yai, utalia bure, na ukweli ni kwamba yai lilikuwa bado halijafika zamu yake. Mwambie daktari urefu wa mizunguko yako kabla ya kutoa mkono. Hapo ndipo daftari lako linapokuwa na thamani kuliko simu.

Na nenda na mumeo. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba karibu mtu 1 kati ya 6 duniani hupitia tatizo la kupata mtoto maishani, na katika karibu nusu ya visa mwanamume huwa na sehemu yake. Kupima mbegu ni rahisi kuliko vipimo vingi anavyopitia mwanamke. Mke kuzungushwa kwa waganga miaka miwili huku mume hajapimwa hata mara moja ni dhuluma, tuiite kwa jina lake.

Uende lini? Kama mizunguko yako huwa chini ya siku 21 au zaidi ya 35 mara kwa mara, na ujana wa kuvunja ungo umeshapita. Kama hedhi imepotea miezi mitatu na huna mimba. Kama damu ni nyingi kiasi cha kulowesha pedi kila saa. Kama ndevu zinaota kidevuni, chunusi hazikomi, au maziwa yanatoka na hunyonyeshi. Kama mmejaribu mwaka mzima bila mimba, au miezi sita ikiwa umefika miaka 35. Nayo ukijua hedhi zako ni za kupotea, huhitaji kusubiri mwaka uishe.

Huhitaji kuanza kwa daktari bingwa. Anza karibu: Hospitali ya Likoni, Kituo cha Afya cha Mlaleo huko Kisauni, Hospitali ya Port Reitz kwa wa Changamwe. Ikihitajika rufaa, ndipo uvuke uende Hospitali Kuu ya Pwani kule kisiwani. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 674,170 katika Likoni, Kisauni na Changamwe, zaidi ya nusu ya kaunti nzima. Watu wengi hivyo hawafai kuvuka maji ili kuulizwa tu "mzunguko wako ni wa siku ngapi?" Swali hilo liulizwe kwenye kila dirisha la kupanga uzazi upande huu, kabla ya mtu kupewa kidonge au shanga, na kijana asiye na pete aulizwe kwa heshima ileile. Mwalimu naye anapochora mzunguko wa siku 28, achore na wa 24 na wa 40 kando yake. Chaki haiishi.

Najua wapo wanaosema kufundisha haya ni kuwafungulia vijana mlango. Vijana wanajifundisha tayari, kwa kukisia, na bei ya kukisia analipa msichana. Anayejua kwamba hana siku salama ana sababu zaidi ya kusema "hapana" au "lete kondomu" kuliko yule aliyeambiwa na simu kwamba leo ni kijani.

Aibu nayo ina gharama. Wazee walisema mficha uchi hazai. Basi nunua daftari la bei ndogo. Hedhi ijayo ikianza, andika tarehe, hiyo ni siku ya 1. Kila jioni andika neno moja: mkavu, mzito, au unaovutika. Fanya hivyo miezi mitatu, kisha lichukue daftari uende nalo kliniki. Akikuuliza muuguzi mzunguko wako ukoje, usiseme "haueleweki." Mfungulie, asome.